Mtu wa Mkono Hadi Lini?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Walisema kweli. Lakini je, afanyeje yule aliyepewa jembe lisilo na mpini, akaambiwa alime hivyo hivyo, na ikifika jioni anaambiwa eti malipo yake ni kujifunza kulima? Hilo ndilo swali ninalotaka tulijadili, wasomaji wapendwa, walimu wetu waheshimiwa, na wenzangu wanafunzi.

Kila tukisimama gwarideni tunaambiwa tusome kwa bidii ili twende chuo kikuu. Ni maneno mazuri na sina ugomvi nayo. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko hapo Juja, ukipanda matatu kutoka Mugutha hujamaliza hata kutafuna mahindi umefika. Walakini tuhesabu vichwa bila kudanganyana. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata alama ya C+ na zaidi, ile inayomfungulia mtu mlango wa shahada, walikuwa 246,391. Hiyo ni kama robo. Sasa mbona mawaidha yote ni ya robo moja? Robo tatu zilizobaki nani anazipa mawaidha?

Mimi nitawaambia ni nani. Ni mjengo. Ni lango la kiwanda saa kumi na mbili asubuhi, vijana wamepanga foleni, na mnyapara anawachagua kwa kidole: wewe, wewe na wewe, wengine rudini kesho. Yule aliyechaguliwa anaitwa mtu wa mkono. Anamshikia fundi kamba, anambebea ngazi, anamletea chai. Mwaka unapita, wa pili unapita, naye bado ni mtu wa mkono.

Maoni yangu ni haya: kati ya chuo kikuu na kuwa mtu wa mkono iko njia ya tatu, nayo ni uanagenzi wa malipo. Namaanisha kujifunza kazi ya ufundi chini ya mkataba wa maandishi, ukilipwa huku ukijifunza, ukifanya mtihani mwishoni, na chama cha wafanyakazi kikikutazama usidhulumiwe. Njia hiyo si ndoto. Imeandikwa katika sheria za Kenya. Kilichobaki ni sisi kuidai.

Ili nisionekane napiga domo tu, nitachukua mfano wa kazi moja ambayo wengi wetu hatujui kama ni kazi: kuvika mabomba. Najua mtacheka. Bomba nalo huvaa nguo? Ndiyo, huvaa, na ole wake mwenye kiwanda anayeliacha uchi.

Sisi wa huku tumezungukwa na viwanda, Ruiru upande mmoja na Thika upande wa pili. Kuna viwanda vya maziwa, mafuta ya kupikia, nguo, mananasi, mabati na kadhalika. Vingi kati ya hivyo vina boila inayochemsha maji yawe mvuke, na mvuke huo husafirishwa kwa mabomba hadi kwenye mitambo. Mvuke ukiwa na shinikizo mara 10 ya hewa ya kawaida, joto lake ni takriban digrii 180. Bomba likiwa uchi, joto hilo linatorokea hewani njiani kabla halijafika kazini. Mwenye kiwanda amenunua kuni au mafuta ya kuchomea, kisha anapasha joto mbu na dari. Zaidi ya hayo, mfanyakazi akiligusa kwa bahati mbaya anaacha ngozi pale.

Bomba hilo likivikwa sawasawa, sehemu kama tisa katika kumi za joto lililokuwa likipotea hubaki ndani. Nguo yake ni sufi iliyotengenezwa kwa mawe au kwa kioo vilivyoyeyushwa vikavutwa nyuzi, na juu yake koti la bati jembamba la alumini kuzuia maji na vumbi. Siri yenyewe ni ile ile tuliyofundishwa katika fizikia kidato cha kwanza: hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi, na ile sufi imejaa vishimo vya hewa. Ni siri ya chupa ya chai, na pia ya kile kikapu cha kupikia bila moto ambacho akina mama hukishonea sponji ndani, githeri ikachemshwa kidogo tu kisha ikafunikwa humo imalizikie yenyewe.

Mabomba ya baridi nayo huvikwa. Katika kiwanda cha maziwa, bomba la maji ya barafu likiachwa uchi hutokwa jasho mchana kutwa, na jasho hilo huozesha chuma na kulowesha sakafu. Hapo hutumiwa povu la mpira au la plastiki, na kila kiungo huzibwa kabisa, maana hewa yenye unyevu ikipata upenyo mdogo tu, kazi yote imeharibika.

Na kama unadhani ni kazi ndogo, nenda Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Utaona mabomba makubwa yanayometameta yakipanda na kushuka vilima kilomita nyingi. Kinachometameta si bomba. Ni koti lake. Kuna mtu aliyelikata koti hilo, akalikunja, akalifunga skrubu moja baada ya nyingine juani. Tunawasifu wahandisi, na ni vyema. Lakini fundi yule hatumjui hata kwa jina la kazi yake.

Tena ni kazi inayotaka akili. Chukua bomba lenye kipenyo cha milimita 114. Livike sufi ya unene wa milimita 50. Sasa kata bati la kulizunguka. Asiyejua hesabu atakata bati la kutosha bomba badala ya kutosha bomba pamoja na sufi. Anayejua atasema: 114 ongeza 50 upande huu na 50 upande ule, ni 214, zidisha kwa pai, ni milimita 672, ongeza kidogo ya kupandiana. Hapo ni penye bomba lililonyooka. Penye kona, bati hukatwa vipande vipande kama maganda ya chungwa, kila kipande kikiwa na mkunjo wake. Wale wanaouliza jiometri itatusaidia wapi maishani, jibu ndilo hilo.

Mwaka 2012 zilitungwa kanuni za kuviagiza viwanda vinavyotumia umeme na kawi nyingi vikaguliwe kila baada ya miaka 3, ili ionekane ni wapi kawi inapotea. Mkaguzi akiingia kiwandani, mojawapo ya mambo ya kwanza anayoyaona ni mabomba yaliyo uchi au yaliyovaa matambara. Kwa hivyo kazi ipo, na itaendelea kuwapo maadamu kuni na mafuta vinapanda bei.

Basi kazi hiyo kijana wa Mugutha anaingiaje? Hapa ndipo penye uchungu.

Nitatoa mfano wa mtoto wa shangazi yangu, na kiwanda alichofanyia kazi sitakitaja. Alimaliza kidato cha nne, karo ya kuendelea haikupatikana, akaingia kazi hiyo chini ya kontrakta mmoja aliyepewa kazi ya kuvika mabomba ya boila. Siku ya kwanza aliambiwa, "Kijana, shika hapa." Akashika. Alishika miaka mitatu. Alijua kupima, kukata bati na kukunja kona, hata ikawa fundi mkuu asipofika, yeye ndiye anayeendesha kazi. Lakini malipo yalikuwa ya kibarua wa siku, na siku ya mvua hakuna kitu. Hakupewa glavu wala kitambaa cha kuziba pua. Ile sufi ya kioo huwasha kama upupu. Alikuwa akija nyumbani hali chakula hadi aoge kwa maji baridi, kwa kuwa maji moto yalimzidishia mwasho, na usiku tulikuwa tukimsikia akikohoa.

Mwaka wa tatu nafasi ya fundi ilitokea katika kiwanda kingine. Akaenda mbio. Karani akamuuliza, "Cheti kiko wapi, ndugu?" Hakuwa nacho. "Barua ya mwajiri?" Hakuwa nayo. "Basi tutakupigia simu." Simu hiyo bado haijapigwa. Aliyechukuliwa alikuwa kijana mwenye gredi yake mkononi, na sisemi hakustahili. Ninachosema ni kwamba mtoto wa shangazi alikuwa na ujuzi wa miaka mitatu, na ujuzi huo ulikuwa kama maji kwenye pakacha. Hakuna aliyeuandika mahali.

Sasa sheria inasemaje? Kenya ina Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237. Ni sheria ya zamani. Ilitungwa mwaka 1959, kabla ya uhuru. Inasema mwanagenzi ni mtu aliyefungwa na mkataba wa maandishi kumtumikia mwajiri kwa muda uliowekwa ili ajifunze kazi, na mwajiri naye amefungwa na mkataba huo huo kumfundisha. Tazameni hapo: wamefungwa wote wawili! Si kijana peke yake anayeahidi kufika mapema na kutii. Mwajiri pia ameahidi, na ahadi yake inaweza kudaiwa.

Tena kuna pesa za kazi hiyo. Kila mwajiri hutakiwa kutoa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Ushuru huo huenda kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, inayojulikana kama NITA, iliyoundwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2011. Mwajiri anayefundisha watu wake kwa utaratibu uliokubaliwa huweza kuomba arudishiwe gharama. Tufanye hesabu. Kiwanda chenye wafanyakazi 400 hutoa shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani shilingi 240,000 kwa mwaka. Je, si heri mwenye kiwanda hicho awachukue vijana wawili watatu wa mtaa, awafundishe, kisha adai haki yake, kuliko kutoa pesa hizo kila mwaka na bado analalamika kwamba mafundi hawapatikani?

NITA ndiyo pia hutoa mitihani ya ufundi, gredi ya 3, ya 2 na ya 1. Wengine huona vyeti hivyo ni karatasi tu. Lakini angalieni orodha ya mishahara ya chini kabisa inayotangazwa na serikali. Kibarua wa kawaida yuko chini kabisa. Fundi asiye na gredi yuko juu yake. Kisha anakuja wa gredi ya 3, halafu wa 2, na juu yao wa gredi ya 1. Kila ngazi ina mshahara wake. Kwa hivyo karatasi hiyo ni ngazi, na ngazi hiyo imetambuliwa na sheria. Mtu wa mkono asiye na karatasi anabaki amesimama chini, ameishikilia ngazi ili wengine wapande.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba mwanagenzi ni mfanyakazi. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, nayo inamhesabu. Maana yake ni kwamba mwanagenzi akichomwa na mvuke au akianguka kutoka kwenye jukwaa, hawezi kuambiwa, "Wewe ulikuwa unajifunza tu, pole." Analindwa kama mtu yeyote wa kiwandani. Na vifaa vya kujikinga, kama glavu na vya kuziba pua, ni wajibu wa mwajiri kuvitoa, wala si vya kukatwa kwenye mshahara.

Nikifika hapa najua kuna mtu anayeuliza: sasa chama cha wafanyakazi kinaingilia wapi? Si vyama ni vya kugoma tu na kukata watu pesa kila mwisho wa mwezi?

Swali hilo ni zuri, na jibu langu ni hadithi ya kweli kutoka Marekani. Huko na Kanada mafundi wa kuvika mabomba wana chama chao tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kijana huingia kazi hiyo kwa uanagenzi wa miaka kama minne au mitano. Mchana anafanya kazi na fundi aliyekomaa, na kwa saa maalum anaingia darasani. Mshahara wake huanza kama sehemu tu ya mshahara wa fundi, kisha hupanda kila hatua anayofaulu, hadi siku anapohitimu na kulipwa kama wenzake. Halipi karo kama ya chuo. Yeye ndiye anayelipwa.

Lakini si hilo tu. Zamani mabomba yalivikwa kwa asbesto, yale mawe ya nyuzinyuzi yaliyotumiwa pia katika mapaa ya kale. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na baada ya miaka 20 au 30 linaleta saratani. Wenye makampuni hawakuwa na haraka ya kulisema hilo. Basi daktari mmoja aitwaye Irving Selikoff, pamoja na wenzake, akaenda kwa chama cha mafundi hao katika sehemu za New York na Newark. Chama kilikuwa na daftari: jina la kila mwanachama, mwaka aliojiunga, siku aliyokufa. Walichukua mafundi 632 walioingia kazini kabla ya mwaka 1943, wakafuatilia habari zao hadi mwisho wa mwaka 1962. Kwa hesabu ya watu wa kawaida, waliotarajiwa kufa kwa saratani ya mapafu na utando wake ni kama 6 au 7. Waliokufa walikuwa 45. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1964, na dunia ikaanza kuamka.

Fikirini, wenzangu. Bila daftari la chama, watu hao 45 wangekuwa maiti 45 tu, kila mmoja na matanga yake. Mtoto wa shangazi yangu yuko katika daftari gani? Akiugua kifua miaka 20 ijayo, nani atajua kwamba alifanya kazi mahali fulani, mwaka fulani, chini ya nani? Mtu asiyeandikwa hata akifa hahesabiwi. Nasi huku Kenya bado tuna majengo mengi yenye asbesto, ambayo kanuni za taka za mwaka 2006 zinaitaja kuwa taka hatari. Kuna vijana watakaotumwa kuyabomoa. Watafundishwa na nani namna ya kujikinga?

Wala vyama si jambo la kigeni kwetu. Mkitoka nje siku isiyo na ukungu mkatazama mashariki, mtaona Kilimambogo. Chini ya mlima huo, katika shamba la mkonge ambako babake alikuwa mnyapara, ndiko alikozaliwa Tom Mboya mwaka 1930. Kabla hajawa waziri alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 23, alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Mwaka 1955 aliwasaidia wafanyakazi wa bandari ya Mombasa kupata nyongeza baada ya mgomo. Alijua kugoma, ndiyo, lakini alijua zaidi kuketi mezani na karatasi. Na leo Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama.

Chama kikishawaandikisha wafanyakazi zaidi ya nusu ya wale wanaostahili kujiunga katika kiwanda, mwajiri hulazimika kukitambua, na wote wawili huketi kuandika mapatano ya pamoja. Hapo ndipo ninapotaka neno uanagenzi liingizwe. Mapatano yasiishie kwenye nyongeza ya mshahara na likizo. Yaseme pia: kila mwaka kiwanda hiki kitachukua wanagenzi kadhaa, watalipwa kiasi hiki, watafundishwa na fundi mwenye gredi, na watapelekwa kufanya mtihani. Viongozi wa vyama wasilale. Anayekata pesa za wanachama kila mwezi na asijali kijana anayesimama langoni anakula mbegu badala ya kuipanda.

Sasa nijibu mawili matatu ambayo nimeyasikia katika midahalo yetu ya Ijumaa.

Kwanza, kuna wanaosema kazi ya mikono ni ya waliofeli. Wenye kusema hivyo wakumbuke kwamba mfumo huu wetu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikusudiwa kutufundisha kufanya kazi kwa mikono. Dada zetu na kaka zetu wa siku hizo walipiga randa, wakafuma vikapu na kupikia walimu chapati za mtihani. Mapema katika miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa kwenye mitihani ya msingi, na dharau ikachukua nafasi yake. Hata hivyo fundi wa bomba akikosea, boila inakula mamilioni. Huyo si mtu wa kudharauliwa.

Pili, kuna wanaosema kwamba kijana anayejifunza hastahili kulipwa, ashukuru tu kupewa ujuzi. Naomba kuuliza: yule kijana akibeba mabati kutwa nzima, mabati hayo yanakuwa mepesi kwa sababu anajifunza? Nauli ya matatu inapunguzwa? Mwanagenzi asiyelipwa ni mwanagenzi wa mtoto wa tajiri peke yake, maana mtoto wa maskini hawezi kufanya kazi mwezi mzima bila kupeleka unga nyumbani. Ataacha katikati. Sisemi alipwe kama fundi. Nasema alipwe cha kumwezesha kurudi kesho, na kipande kiongezwe kadiri anavyojua.

Tatu, kuna wanaosema hiyo ni kazi ya wanaume. Hili nimelisikia hata kwa wasichana wenyewe, na linanishangaza. Kukata bati kwa vipimo na kushona vazi la bomba ni kazi ya jicho na mkono uliotulia. Mtu anayeweza kukata gauni likamkaa mwenziwe mwilini atashindwaje na bomba ambalo halinenepi wala halikondi?

Nne, na hili ndilo zito, kuna wanaosema nenda Thika Technical ukasome kozi, mambo yaishe. Mimi siipingi. Chuo cha ufundi ni kizuri na wengi wetu tutakwenda. Lakini kozi bila kiwanda ni kama kujifunza kuogelea ubaoni. Na kiwanda bila mafunzo ndiyo ile habari ya mtoto wa shangazi. Uanagenzi unaviunganisha viwili hivyo, mkono na kitabu, na kumpa kijana mshahara katikati.

Basi tufanye nini? Sitaki kumaliza kwa kulaumu serikali halafu niketi. Natoa mapendekezo manne, na matatu kati yake hayahitaji pesa za bajeti.

La kwanza ni kwa shule yetu. Walimu wetu wapendwa, siku ya kuelekezwa kuhusu kazi msituletee tu daktari, wakili na rubani. Tuleteeni pia fundi mwenye gredi ya 1, afisa wa kazi, mtu wa NITA, na katibu wa chama cha wafanyakazi kutoka kiwanda kimojawapo cha hapa. Waje na mkataba wa uanagenzi tuuone kwa macho.

La pili ni kwa wazazi. Mzazi asione haya kuuliza mwajiri, "Mtoto wangu ataandikiwa wapi?" Mkataba ukiletwa, usomwe kabla haujatiwa sahihi: ni kazi gani, kwa muda gani, kwa malipo gani, na mtihani ni lini.

La tatu ni kwa wale ambao tayari wako kazini bila karatasi, akina mtoto wa shangazi. Ziko njia za mtu kupimwa ujuzi alioupata kazini na kupewa cheti bila kurudi darasani mwanzo. Chama cha wafanyakazi kiwasaidie kufika huko, na mwajiri aandike barua ya kweli kuhusu kazi waliyoifanya. Barua ni karatasi moja na dakika kumi.

La nne ni kwetu sisi wenyewe. Tukimaliza shule, tusikubali kuitwa watu wa mkono bila kuuliza hadi lini. Tuulize kwa adabu, lakini tuulize. Tukifika kiwandani tuweke daftari: tarehe, kazi niliyofanya, fundi niliyefanya naye. Hata kama hakuna mwingine anayetuandika, tujiandike.

Tumeambiwa tangu tukiwa wadogo kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wenzangu, kuinama tumekubali. Tutainama chini ya mabomba ya boila, kwenye joto na vumbi, wala hatutalalamika. Tunachotaka kujua kabla hatujainama ni kama hicho kilichoko mvunguni tukikitoa kitakuwa na jina letu pia. Na tunataka jibu hilo kwa maandishi.